Neno la Nani Ni Ushahidi?

Katika sherehe moja ya harusi hapa kwetu, mzee aliyepewa nafasi ya kuwaasa maharusi alishika kipaza sauti akasema kwamba uongozi wa mwanamume nyumbani haukuanza na binadamu. "Hata nyani," alisema, "wana dume lao. Likikohoa, majike yote kimya." Watu walicheka, vigelegele vikapigwa, nami nilicheka pamoja nao. Nilipokuwa narudi nyumbani ndipo nikajiuliza mzee yule alizipata wapi habari hizo. Sisi watu wa mlimani nyani tunawajua kwa mahindi wanayoiba, na mtu anayekimbia na fimbo kuokoa shamba lake hana nafasi ya kuchunguza nani anamkoholea nani. Nadhani alizipata tulipozipata wengi wetu, katika vitabu vya shule na filamu za wanyama. Na hivyo vitabu vilizipata kwa watu fulani, waliotazama nyani fulani, mahali fulani, wakati fulani. Nimefuatilia habari hiyo hadi kwenye chanzo chake, na nimekuta inalihusu kanisa, na inanihusu mimi, kuliko nilivyodhani.

Mwaka 1959 wanaanthropolojia wawili Wamarekani, Sherwood Washburn na Irven DeVore, waliwachunguza nyani nchini Kenya, katika hifadhi ya Nairobi na kule Amboseli. Mwaka 1961 walichapisha makala iliyosomwa sana. Picha waliyoichora ilifanana na jeshi. Katikati ya kundi wapo majike na watoto, madume wakubwa wako karibu nao, na adui akitokea madume hujitokeza mbele kupambana naye. Madume wana ngazi zao za ukubwa, na ngazi hizo ndizo zinazolishika kundi lisisambaratike. Majike katika picha hiyo ni wa kulindwa na wa kugombaniwa. Na kwa kuwa nyani wa nyikani huishi katika nchi inayofanana na ile ambayo wanasayansi waliamini mwanadamu wa kale aliishi, haikuchukua muda picha ya nyani ikawa picha ya babu zetu. Kutoka hapo ikawa hoja: ndivyo maumbile yalivyo, ndivyo jamii inavyotakiwa kuwa.

Watu hao hawakuwa waongo, na ningependa msomaji alishike hilo. Hifadhi ya Nairobi ina simba, sehemu kubwa yake ni nyasi zenye miti michache, na madume wa nyani hupigana kweli, kwa kelele zinazosikika mbali. Walichoandika walikiona. Swali ni nini ambacho hawakukiona, na kwa nini hawakukiona.

Miaka hiyohiyo ya 1960 Thelma Rowell, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Makerere, aliwachunguza nyani wa Ishasha, kusini magharibi mwa Uganda, wanaoishi kandokando ya msitu wa mto. Taarifa yake ilitoka mwaka 1966. Madume wa Ishasha hawakuonyesha ngazi za ukubwa kama zile zilizotarajiwa, na walipigana mara chache. Kundi liliposhtushwa, halikujipanga kijeshi. Wote walikimbilia mitini, na madume, wenye miguu mirefu na wasiobeba mtu, walitangulia. Nyuma kabisa walikuja majike wenye watoto. Na kundi liliposimama kuamua lielekee upande gani kutafuta chakula, walioamua zaidi walikuwa majike wazee. Nilipomsimulia mke wangu habari ya madume kutangulia mitini, alicheka kuliko watu wote wa ile harusi.

Wapo waliosema kwamba nyani wa msituni si kipimo cha nyani wa nyikani, na hoja hiyo ina uzito wake. Lakini mwaka 1972 Shirley Strum, mwanafunzi wa Washburn mwenyewe, alifika Gilgil karibu na Nakuru, kwenye nchi ya nyasi, akitarajia kuona jeshi alilofundishwa. Kadiri alivyokaa nao ndivyo lilivyozidi kutoonekana. Aliona koo za majike, mama na mabinti na wajukuu, zikikaa pamoja mwaka hadi mwaka, na madume wageni wakilazimika kujenga urafiki na jike mmoja na mtoto mmoja kabla ya kukubaliwa na kundi. Aliporudi kuwaeleza wenzake alichokiona, wengi walimtilia shaka. Kitabu chake kuhusu miaka hiyo kilitoka mwaka 1987. (Wengi mtauliza habari za Jane Goodall na Gombe yetu. Sitamzungumzia hapa, kwa sababu ya kawaida kabisa: wake ni sokwe, hawa ni nyani.)

Lakini mtu ambaye kazi yake imenifanya niandike makala hii ni Jeanne Altmann. Yeye alisomea hisabati kabla hajawa mtafiti wa wanyama, na hisabati ilimpa jicho la kuuliza swali ambalo wengine walilipita. Mtafiti akikaa nyikani na daftari lake, anaandika nini? Kwa kawaida anaandika kinachomvutia. Madume wawili wakirukiana kwa meno, kila jicho linageuka. Jike anayechimba mizizi huku mtoto amemning'inia tumboni hageuzi jicho la mtu, na anaweza kuchimba hivyo mbele yako kutwa nzima. Jioni ukifungua daftari, limejaa madume. Na mwenye daftari ataapa, kwa dhamiri safi, kwamba aliandika alichokiona bila kumpendelea yeyote.

Mwaka 1974 Altmann alichapisha makala kuhusu namna ya kuchunguza wanyama, na makala hiyo imekuwa mwongozo kwa watafiti wa kila aina ya kiumbe, wanaume kwa wanawake. Alipima faida na kasoro za namna mbalimbali za kutazama. Ile anayokumbukwa nayo zaidi ni rahisi kueleza na ngumu kuitii. Panga kabla hujaanza ni mnyama yupi utamtazama, bila kujali nani anapiga kelele. Mfuate kwa dakika ulizoweka, andika kila anachofanya, hata kama amelala tu. Dakika zikiisha, nenda kwa mwingine aliye kwenye orodha, umpe dakika zilezile. Kila mmoja ana zamu yake ya kutazamwa.

Walipotazamwa hivyo, nyani walionekana upya. Kitabu cha Altmann cha mwaka 1980 kuhusu akina mama wa Amboseli kinaonyesha kiumbe anayefanya kazi mbili kwa wakati mmoja: anatafuta chakula sehemu kubwa ya siku kama wenzake wote, na wakati huohuo amebeba mtoto. Ikafahamika kwamba majike hubaki katika kundi walilozaliwa maisha yao yote, na binti hurithi nafasi ya mama yake, ilhali madume wakikomaa huhama. Basi ukiuliza ni nani wanaolishika kundi lisisambaratike, huwezi tena kujibu kwa haraka kama zamani.

Sitaki sasa mtu asimame harusini aseme kwamba nyani jike ndiye mkuu wa nyumba. Ngazi za madume zipo. Hata uchunguzi wa Amboseli umezionyesha, na dume ni karibu mara mbili ya jike kwa uzito. Kilichoanguka ni dai kwamba ngazi hizo ndizo kundi lenyewe. Zaidi ya hapo, Mkristo anayetafuta mfano wa ndoa yake kwa nyani, wa kiume au wa kike, ana Maandiko ambayo hajayasoma vizuri.

Waswahili walisema zamani kwamba nyani haoni kundule. Ni msemo usiopendeza sana kuandikwa katika kitabu cha kanisa, lakini sijapata ulio bora kueleza yaliyotokea. Watafiti wa mwanzo waliliona kila kundule la nyani isipokuwa la kwao. Walitoka katika vyuo vilivyoongozwa na wanaume, katika nchi ambazo kizazi chao kilikuwa kimetoka tu vitani, wakaona jeshi na maofisa. Hawakudanganya. Walibeba kwao machoni mwao.

Kuanzia miaka ya 1980 wapo wanafalsafa waliochukua mambo kama haya wakauliza yanatufundisha nini kuhusu maarifa yenyewe. Wanaitwa wanafalsafa wa ufeministi, na najua neno hilo likitajwa kanisani watu hujikunja kama wamesikia mlango wa gari la polisi. Nawaomba mnivumilie. Sandra Harding alisema kwamba mtu anayedai kutazama bila kusimama mahali popote ana mahali aliposimama, ila hajapachunguza. Anayetaka haki ya kweli katika kutazama hana budi kujiweka na yeye mwenyewe mezani pamoja na kile anachokichunguza. Akashauri uchunguzi uanzie kwenye maisha ya walio chini, si kwa sababu walio chini ni watakatifu, bali kwa sababu wao huijua nyumba kuanzia jikoni, na mwenye kuketi sebuleni anaijua sebule. Helen Longino, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alisema mtu mmoja hawezi kuondoa upendeleo wake kwa kujitahidi tu. Unaondolewa na jumuiya inayoruhusu kukosolewa, na inayobadilika kweli inapokosolewa kwa haki. Donna Haraway ndiye aliyeandika kwa undani juu ya watafiti wa nyani na sokwe, mwaka 1989. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameukemea ule ujanja wa mwanadamu kujifanya Mungu, yaani kudai kuona kila kitu kutoka mahali pasipo mahali.

Hilo la mwisho lilinisimamisha. Mwanafalsafa huyu hakuwa akihubiri, lakini alichokikataa ni dhambi ya kwanza katika kitabu chetu cha kwanza. Kuona vyote, kutoka popote, ni kwa Bwana peke yake. Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba maarifa yetu ya sasa ni ya sehemu tu. Tunaisoma sura hiyo kwenye harusi, kwa ajili ya upendo, na tunaiacha bila kusikia inasema nini juu ya kujua. Na tukumbuke: Mungu mwenyewe, aonaye vyote, alipotaka tumjue alikubali kuwa mahali. Alizaliwa na mwanamke mmoja, katika kijiji kimoja, chini ya utawala mmoja, akasema kwa lafudhi ya Galilaya ambayo watu wa Yerusalemu waliitambua. Kama Yeye hakuona aibu ya kusimama mahali, mimi nani hata nidai kwamba ninaposema katika kikao nasema kutoka mbinguni?

Sasa nieleze kwa nini nasema habari hizi zinanihusu.

Zaidi ya miaka 20 iliyopita nilikuwa katibu wa baraza la wazee katika usharika mmoja ambao sitautaja. Kanisa lilikuwa linajenga shule ya chekechea, na kiwanja chetu kilipakana na kihamba cha mama mmoja mjane. Kwetu mpaka huonyeshwa kwa masale. Ni mmea tunaouheshimu; ukiung'oa mpakani umefanya jambo kubwa, na jani la masale hupelekwa pia kwa mtu uliyemkosea, kuomba msamaha. Upande ule masale yalikuwa yamekwisha kung'olewa, mwaka gani na nani haikujulikana. Wazee watatu wa kanisa walisema mpaka ulikuwa mfereji wa zamani. Mama yule alisema mpaka ulikuwa hatua kama kumi ndani zaidi, upande wetu.

Aliitwa kwenye baraza. Alieleza kwamba alikuwa akikata majani ya ng'ombe mahali pale tangu alipoolewa, kwamba alipanda masale yaliyokufa kwa kiangazi akiwa pamoja na mama mkwe wake, na kwamba palikuwa na jiwe ambalo walikuwa wakipumzishia mizigo. Alieleza polepole, mikono yake ameikunja ndani ya khanga. Wale wazee watatu hawakuwahi kukata hata kicha kimoja cha majani pale. Kazi hiyo kwetu ni ya wanawake. Alipomaliza, mwenyekiti wetu alimwuliza, kwa upole, "Mama, kuna mwanamume yeyote wa ukoo anayeweza kuthibitisha?" Mumewe alikuwa amekufa. Shemeji zake waliishi mjini, na walipoulizwa walisema hawakumbuki. Nami nikaandika katika kumbukumbu za kikao, kwa mwandiko wangu mzuri ambao nilikuwa najivunia: "Hakuna shahidi."

Shahidi alikuwa ameketi mbele yangu, umbali wa meza moja.

Tulijenga uzio kwenye mfereji. Masika yaliyofuata, ndani ya uzio wetu, hatua kama kumi kutoka mferejini, masale yalichipua. Hayakuchipua ovyo. Yalitoka mstari mmoja, kutoka barabarani kwenda juu, kwa sababu masale hata ukiyang'oa hubakiza vipande ardhini vinavyoota tena. Niliyaona mimi, mwinjilisti aliyaona, wazee waliyaona. Jumamosi ya usafi yakalimwa pamoja na magugu mengine, na hakuna aliyesema neno. Yule mama alipita barabarani siku ile. Alitusalimu, tukaitikia.

Mwanafalsafa Mwingereza Miranda Fricker aliandika mwaka 2007 kuhusu dhuluma hii hasa: mtu kupunguziwa uzito wa neno lake kwa sababu ya yeye ni nani, na siyo kwa sababu ya neno lenyewe. Anasema mtu huyo anaumizwa katika kitu kinachomfanya awe mtu, yaani kuwa mwenye kujua na anayeweza kuwajulisha wengine. Niliposoma hayo sikuhitaji mfano. Nilikuwa nimeuandika mwenyewe katika daftari la kanisa, na lipo kabatini hadi leo.

Ninawajua watakaonipinga, maana nimeketi nao, na hoja yao si ya kupuuzwa. Watasema: ukianza kuuliza kila neno limetoka kwa nani, umeua ukweli. Kutakuwa na kemia ya wanaume na kemia ya wanawake, mipaka ya wajane na mipaka ya wazee, na kila mtu atabaki na wake. Ukweli ni mmoja, na Kristo alijiita Kweli, hakujiita maoni.

Nakubali kwamba ukweli ni mmoja. Kwa sababu hiyohiyo nasema tulikosa. Kama ukweli ungekuwa maoni ya kila mtu, sisi na mama yule tungekuwa sawa, na nisingekuwa na la kutubu. Nyani wa Kenya walikuwa walewale walipotazamwa na DeVore na walipotazamwa na Altmann. Hawakubadilika ili kuwafurahisha wanawake. Kilichobadilika ni kwamba wote sasa walitazamwa, kwa dakika sawa, na daftari likasema zaidi ya lilivyosema mwanzo. Altmann hakuona kwa sababu tu yeye ni mwanamke. Aliona kwa sababu alihesabu, akatengeneza njia ambayo mwanamume yeyote angeweza kuitumia, na wengi wameitumia. Ila nadhani ni kweli pia kwamba swali lile lilichelewa kwa sababu wale ambao lingewasumbua walikuwa wachache nyikani na wachache zaidi vyuoni. Ardhi nayo ilikuwa na mpaka mmoja tu. Masale hayakuuliza ni nani anayeaminika.

Wala simaanishi kwamba mwanamke akisema basi imekwisha. Wanawake hukosea, hudanganya, husahau, kama sisi. Mama yule angeweza kuwa amekosea. Lakini kulikuwa na njia ya kujua: kwenda pale, kumwomba atuonyeshe jiwe, kuchimba. Hatukuhukumu ushahidi wake kuwa ni wa uongo. Hilo lingetudai tuuchunguze kwanza. Tuliona tu kwamba si ushahidi. Ndivyo ilivyokuwa pia asubuhi ile ya ufufuo, kama Luka anavyosimulia: wanawake walirudi kaburini na habari, na mitume wakaiona kuwa ni upuuzi. Petro angalau alikimbia kwenda kuangalia. Sisi hatukutembea hata hatua kumi.

Kuna habari nyingine katika Hesabu, sura ya 27, ambayo sikumbuki kuisikia ikihubiriwa kwetu zaidi ya mara moja. Binti watano wa Selofehadi walikwenda mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa na kuhani na viongozi na mkutano wote. Baba yao alikufa bila mtoto wa kiume, na kwa utaratibu uliokuwapo jina lake na urithi wake vingepotea. Walidai ardhi. Fikiri Musa alikuwa nani wakati ule. Hakuna mwanadamu aliyeijua sheria kuliko yeye, aliipokea mlimani. Hata hivyo palikuwa na tundu ambalo yeye hakuliona, kwa sababu halikumwangukia yeye. Liliwaangukia hao watano, nao wakaliona.

Nimeisoma mara nyingi nikitazama kile ambacho Musa hakukifanya. Hakuuliza kama kuna mwanamume wa ukoo wa kuthibitisha. Hakujibu haraka kwa yale aliyokuwa akiyajua. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana, yaani alikiri kwamba ujuzi wake haukutosha, na Bwana akasema kwamba wale binti walikuwa wamesema sawa. Sheria ikabadilishwa kwa ajili ya taifa zima. (Katika sura ya 36 wanaume wa kabila wanarudi na wasiwasi wao kuhusu ardhi hiyo, na binti wanawekewa sharti la kuolewa ndani ya kabila. Siifichi sura hiyo. Hata Biblia haijifanyi kwamba mambo haya huisha kwa kikao kimoja.)

Tangu nilipozisoma habari za Altmann nimejaribu kufanya zoezi lake kanisani. Niliomba daftari za kumbukumbu za baraza letu za miaka mitano nikahesabu ni nani aliyenukuliwa kwa jina. Sitatoa hesabu hapa, kwani ni za usharika mmoja na zingewaaibisha watu walio hai, lakini kila katibu anayesoma makala hii anaweza kufungua daftari lake jioni moja akahesabu. Nilichokiona katika mwandiko wangu ni kwamba mabishano ya wazee wawili kuhusu rangi ya mabati yalichukua kurasa mbili. Umoja wa wanawake, waliolisha watu wa semina kwa siku nne, walipata mstari mmoja, nao ulisema "chakula kilikuwepo." Chakula kilikuwepo! Kama mana. Nilikuwa mtafiti mwenye daftari lililojaa madume, na ningeapa kwamba niliandika nilichokiona.

Mwenyekiti wetu wa zamani ameshatangulia mbele za haki, na yule mama pia. Nilikwenda kwenye mazishi yake, nikaimba pamoja na wengine, na mchungaji akamsifu kwa uaminifu wake wa kutoa sadaka ya mavuno kila mwaka. Alikuwa akiitoa, ndiyo, kutoka kwenye kihamba tulichokipunguza. Binti yake ni mwimbaji katika kwaya kuu. Hajawahi kunitajia jambo hili, na sijui kama mama yake alimwambia.

Mwaka jana niliomba nafasi kwenye baraza, nikaeleza yote kama nilivyoeleza hapa, na nikasoma yale maneno mawili niliyoandika. Kijana mmoja mzee wa kanisa aliuliza ikiwa kuna hati. Hakuna hati ya upande wowote. Mwingine alisema mambo yaliyolala yaachwe yalale, kwamba chekechea ni ya watoto wa wote na pale penye ubishi sasa ndipo penye jiko na bembea. Mchungaji hakusema kitu kwa muda mrefu, kisha akapendekeza watu watatu waende wakapime, mmoja awe mwenyekiti wa umoja wa wanawake, na binti wa marehemu aalikwe atembee nao kama anakumbuka jiwe la kupumzishia mizigo lilikuwa wapi. Ikakubaliwa kwa kura moja ya ziada. Kwa sababu ya mvua na kwa sababu ya Kwaresima, hawajaenda bado. Safari hii katibu ni mama mmoja mwalimu, na nilimwona akiandika mapendekezo yote kwa ukamilifu, pamoja na majina ya waliopinga.